Daktari wa Udongo na Alama Zangu

Nianze na chai, kwa sababu ndiyo inayonisumbua. Daktari hakuniruhusu hata siku moja nimpikie chai. Kwa miaka sita nilikaa ofisini mwake kila mwisho wa muhula nikisahihisha karatasi za wanafunzi wake, na miaka hiyo yote ni yeye aliyeinuka, akajaza birika, akanimiminia mimi kwanza. Mtu akiingia na kuniomba kikombe, akidhani mimi ndiye wa jikoni, Daktari alimkata maneno palepale: "Huyu ako na kazi ya maana. Chai napika mimi." Nimemchukia mtu huyu kwa bidii, na ningependa kumchukia bila kuikumbuka hiyo chai. Lakini ilikuwa tamu, na naiandika hapa mapema ili mtu asije akasema nimeficha.

Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa daktari wa udongo. Alifundisha somo la udongo na maji katika chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Nakuru, somo ambalo kila mwanafunzi wa kilimo, wa mazingira na wa ualimu ilibidi alipite, kwa hiyo darasa lake lilijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni na daftari mkononi. Jina lake sitalitaja. Yeye hakuwahi kulitaja langu, na habari yenyewe ni hiyo.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti nene na viatu vya ngozi ambavyo havikuwahi kuona kiwi. Ukimtazama viatu alisema, "Kiatu kinachong'aa, mwenyewe hajaenda mahali." Suti alikuwa nayo moja, ya kahawia, na alifundishia nayo, akachimbia mashimo nayo, akaendea harusi na matanga nayo. Mkewe aliwahi kumnunulia nyingine ya bluu. Aliivaa mara moja, akapiga magoti shambani kuonyesha wanafunzi tabaka la udongo, na mkewe hakununua tena.

Hakusalimia kama watu wengine. Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake kutafuta kazi, nikiwa na diploma yangu kwenye bahasha, hakuifungua bahasha.

"Kwenu ni wapi?"

"Molo, Daktari."

"Udongo wa kwenu ni rangi gani?"

"Mweusi. Nadhani."

"Unadhani? Umekaa juu yake miaka yote hiyo na unadhani?"

Nilitoka pale nimeiva uso. Nikampigia mama simu, akatoka nje akiwa bado na simu sikioni, akaniambia ni wa kahawia, ila ukilowa unakuwa mweusi. Kesho yake nikarudi na jibu hilo. Daktari akatabasamu mpaka kwenye masikio, akanisukumia rundo la karatasi na kalamu ya kijani. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, kama hilo ni neno lake, maana barua sikupewa wala fomu sikujaza. Nilikuwa kibarua wake, na katika faili za chuo sikuwepo.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni mahali. Mwanafunzi akimwambia kwamba mvua kubwa huondoa udongo wa juu, alimkatiza: "Wapi? Nitajie mahali." Hakutaka kusikia mto wa kwenye kitabu. Aliwapeleka Kariandusi, kule wanakochimba lile jiwe jeupe jepesi, akaokota kipande kwa kila mmoja na kuwaambia walambe. Wanafunzi watu wazima, wengine wameoa, wakalamba jiwe mbele yake, na jiwe likawanata ulimini. Akangoja wamalize kucheka, kisha akawaeleza kuwa jiwe lile ni magamba ya viumbe vidogo vya majini vilivyokufa zamani ziwa lilipokuwa limefika pale, na limejaa vitundu visivyoonekana, ndiyo sababu linavuta mate. Nimekutana na watu waliosoma kwake miaka kumi iliyopita, wamesahau kila kitu kingine, lakini hilo wanalijua.

Mwaka ambao ziwa lilipanda na kuingia Kihoto, kule Naivasha, aliwapeleka basi zima wakaone. Mama mmoja aliyekuwa na maji hadi magotini mlangoni mwake akamwuliza, "Sasa mzee, mmekuja kusomea shida yangu?" Daktari akafunga daftari. Akavua koti la suti ile, akaingia majini, na mchana kutwa yeye na wanafunzi wake wakabeba vitanda, sufuria, makochi na kuku wa mtaa ule mpaka barabarani. Somo halikufundishwa. Lakini swali la Kihoto lilikuja kwenye mtihani, na aliyeshindwa kulijibu hakuonewa huruma.

Sasa niseme jinsi tulivyosahihisha. Mtihani wake haukuwa wa insha wala wa kuchagua jibu. Ulikuwa wa majibu mafupi, mistari miwili au mitatu kila moja. Eleza kwa nini udongo wa mfinyanzi hutuamisha maji. Taja dalili mbili za udongo wenye asidi. Kila jibu lilikuwa na alama mbili, na alama ya tatu ilikuwa ya Daktari mwenyewe: "Akitaja mahali pa huku kwetu na aeleze vile kulienda, mwongeze moja." Hiyo ilikuwa sheria yake, na ilikuwa sheria nzuri. Mimi ndiye niliyeiharibu.

Karatasi zilikuwa nyingi. Ukisoma majibu mia ya swali moja, la mia moja na moja hulisomi, unalitazama tu. Nikaanza kutafuta jina la mahali kwa jicho. Nikiona Subukia, nikiona Kariandusi, kalamu ilishaweka alama ya vema kabla sijajua mwanafunzi amesema nini kuhusu Subukia. Na nilikuwa na chuki zangu. Anayeanza jibu kwa kulirudia swali lote, neno kwa neno, nilimkata nusu alama. Hakuna aliyeniagiza. Ilinikera tu, na kalamu ilikuwa yangu. Anayesema maji hushuka polepole bila kusema kwa nini, nilimpa moja na nusu, kwa sababu neno lenyewe lilinipendeza.

Daktari hakujua haya. Aliniamini. Nikimaliza alichukua rundo, akafunua mbili tatu, akasema "Safi," kisha akaweka sahihi yake kwenye ganda la kila karatasi, penye nafasi ya msahihishaji. Mara moja nilimwuliza kama ningeweza kuweka yangu pembeni. Akashangaa kweli, hakujifanya. "Si wewe ni mkono wangu wa kulia?" Nikacheka. Ningekuwa na akili ningeondoka siku hiyo, lakini nilikuwa na miaka ishirini na saba na ilionekana kama sifa.

Msinielewe vibaya, alikuwa na huruma. Mwanafunzi akifiwa, alimwekea mtihani wake peke yake na kukaa naye chumbani akimenya machungwa. Hakumdhihaki mtu kwa lafudhi yake. Lakini mtu aliyefanya kazi karibu naye, Daktari hakumwona. Mfagiaji wa ofisi ile alifagia miaka mingi, na siku alipostaafu Daktari alitoa hotuba nzuri kabisa juu ya usafi wa ofisi, bila kumgusa mfagiaji hata kwa neno moja. Mzee wa watu alikuwa ameketi pale na kofia magotini. Nililiona hilo na bado sikujifunza.

Jambo jingine la kushangaza ni kwamba alizichukia kompyuta. Aliandika kwa kidole kimoja, na simu yake ilikuwa ya vibonyezo. Ungemwambia mtu kwamba Daktari ndiye atakayeleta mashine ya kusahihisha chuoni kwetu angekucheka. Lakini kulikuwa na kitu alichokitaka kuliko amani, nacho ni kuitwa profesa. Wenzake wote wa rika lake walikuwa wamekwisha kuitwa. Aliyekuwa mwanafunzi wake aliitwa. Na mkuu wa chuo akamwambia kwamba kinachokosekana ni mradi, kitu kipya, na macho ya Daktari nayo yalikuwa yameanza kufifia. Chuo kikaleta vijana watatu wa kompyuta. Walitaka karatasi za miaka mingi zilizosahihishwa na mkono mmoja usiobadilika. Daktari alikuwa nazo, magunia kwa magunia, stoo ya nyuma.

Mashine ile haijui udongo. Nilielezwa baadaye na nikaelewa vizuri sana. Inalishwa majibu ya zamani pamoja na alama zake, inatazama ni majibu ya namna gani yalipata ngapi, kisha jibu jipya likija inakisia kwamba mtu aliyezitoa alama hizo angelipatia ngapi. Mtu yule alikuwa mimi.

Siku ya kuizindua nilialikwa. Nilisuka nywele, nikavaa gauni la kijani, nikaketi safu ya tatu. Vijana wakaonyesha ukutani jibu moja likisahihishwa kabla hujapepesa jicho, ukumbi ukapiga makofi. Kisha Daktari akasimama na suti yake ya kahawia.

"Watu wananiuliza mashine imejifunza wapi," akasema. "Imejifunza kwangu. Miaka sita ya majibu, jibu moja moja, alama moja moja, nimeweka na hii mkono." Akauinua. Mkono wa kulia.

Nilingoja sentensi inayofuata. Nilikuwa nimejiweka sawa kitini, tayari kusimama kidogo watu wanione. Sentensi iliyofuata ilikuwa ya kumshukuru mkuu wa chuo. Watu waliokuwa kando yangu walipiga makofi, na mimi nikapiga. Hilo la kupiga makofi ndilo nililokuja kulilipiza.

Hakuna aliyenifuta kazi. Mwisho wa muhula simu haikupigwa, basi. Nikampigia yeye, akaniambia kwa upole kabisa kwamba siku hizi hakuna karatasi. Nikapata kazi kwenye duka la fotokopi lililo mkabala na lango la chuo, nikichapa na kubana vitabu. Nilikuwa nikimwona akipita asubuhi. Alinipungia mkono kila siku, kwa furaha ya kweli.

Wanafunzi walifanya mitihani ile kwenye kompyuta, wakapata alama papo hapo, na asiyeridhika alitakiwa achapishe majibu yake na alama zake ayapeleke ofisini. Walikuja kuchapishia kwangu. Wa kwanza alikuwa msichana wa Kihoto, mwenye sauti ndogo, anayesomea mazingira. Aliiweka karatasi mezani akiwa karibu kulia.

"Auntie, hii mashine inanichukia. Angalia, nimeandika kila kitu na bado imenikata."

Nikaangalia. Isipokuwa moja, alikuwa ameanza kila jibu kwa kulirudia swali, na kila mahali hapo alikuwa amekatwa nusu. Chini yake, kwenye lile moja, la mfinyanzi, aliandika kwamba maji hushuka polepole, bila kueleza kwa nini, na alikuwa na moja na nusu. Nusu ile ilikuwa yangu, na hasira ile ilikuwa yangu. Nilikuwa humo ndani nasahihisha usiku na mchana, bila jina, na Daktari alikuwa akipita barabarani akinipungia mkono.

"Wacha kurudia swali," nikamwambia. "Na utaje mahali. Si kwenu ni Kihoto? Andika vile ziwa lilifanya."

Wiki mbili baadaye, baada ya jaribio jingine, alirudi akiruka. Alikuwa amepata karibu zote. "Auntie, umejuaje?"

"Namjua aliyeifundisha."

Yeye nilimsaidia kwa moyo safi. Waliofuata, hapana. Waliofuata niliwaambia kitu kingine: hata usieleze, taja tu. Swali liwe la nini, taja mahali pa huku, ukiweza taja matatu. Sikumwambia mtu kwa siri, nilikuwa nikisema huku nabana vitabu, na maneno ya duka la fotokopi yanafika hosteli kabla ya chakula cha jioni. Mpaka muhula unaisha, chuo kizima kilikuwa kimehamia Subukia.

Hadithi ya kilichotokea niliipata kwa karani wa idara, mama mmoja mpole aliyekuwa akija kwangu kutoa kopi. Alikuja mtahini kutoka chuo kingine, anayeletwa kuhakikisha mambo ni sawa, akaomba asomewe karatasi iliyoongoza. Daktari, kwa fahari, akasema ataisoma yeye mwenyewe. Akaiweka karibu na pua, maana macho yalikuwa yamefifia, akaanza. Swali lilikuwa: eleza maana ya udongo wenye asidi. Jibu lililopewa alama zote tatu lilikuwa: "Asidi ni udongo uliokasirika, kwa mfano kule Subukia, pia Kariandusi, bila kusahau Kihoto." Akasema karani kwamba Daktari alidhani ameruka mstari, akarudi akaisoma tena kwa sauti. Mtahini akaomba ya pili. Ya pili ilisema mimea hupumua kwa mizizi, kwa mfano Kihoto, Kihoto, Kihoto. Karani alinisimulia huku ameshika mdomo, na machozi ya kicheko yanamtoka.

Mimi nilicheka mpaka nikafunga duka. Niseme wazi nilivyohisi: nilifurahi. Nilinunua nyama nusu kilo na kuila peke yangu. Matokeo ya somo zima yakafutwa, mashine ikazimwa, kamati ikaitwa, na habari za uprofesa zikaisha. Daktari akastaafu kabla ya wakati wake akaenda zake kwao. Asubuhi ya mwisho alipita mbele ya duka amebeba katoni, na mkono wa kunipungia hakuwa nao.

Aliyenipunguzia furaha ni msichana wa Kihoto. Alikuja akasimama kaunta, hakutaka kuchapisha kitu.

"Mimi maji iliingia kwetu kweli," akasema. "Niliandika kitu niliona na macho. Na bado nimewekwa pamoja na hao, narudia mtihani, na nafasi yangu ya attachment kazini wamepea mtu mwingine. Auntie, ulikuwa unataka kushika nani? Maana umenishika mimi."

Nilimwambia pole, akaniangalia, akaenda. Nililala vibaya siku tatu. Siku ya nne nilikumbuka ule ukumbi na ule mkono ulioinuliwa, nikalala vizuri.

Halafu mwaka huu, karani wa idara akanipigia simu. Chuo kimerudi kwenye kalamu. Wanataka wasahihishaji wanne, wa mkataba, wenye barua na jina kwenye orodha, na yeye alikuwa amenikumbuka na kuniweka wa kwanza. Kulikuwa na jambo moja tu. Kamati ilitaka kila mtu alete barua ya mwalimu aliyewahi kumsahihishia. Wote wawili tulijua kwamba mwalimu niliyewahi kumsahihishia alikuwa mmoja.

Nilikwenda Subukia, kwao Daktari, Jumamosi asubuhi. Nilimkuta shambani kwake, akipogoa kahawa kwa mikasi mikubwa, akiyapapasa matawi kwanza kwa vidole kabla ya kukata. Macho yalikuwa yameharibika sana. Nikamsalimia, akageuza sikio.

"Hiyo sauti naijua. Ni wewe!" Akafurahi, akafuta mkono kwenye suruali akanipa. "Umekuja mpaka huku?"

"Nimekujia barua, Daktari. Ya kusema nilikusahihishia miaka sita."

Akarudi kwenye mti wake. Akakata tawi moja, akatafuta jingine.

"Hiyo siwezi andika."

"Kwa nini?"

"Waliniita kwa committee. Wakaniuliza, ni nani alifunza mashine kupeana alama juu ya jina ya mahali? Nikasema ni mimi. Wakauliza kama kuna mtu mwingine aliguza hizo karatasi. Nikasema hakuna."

"Nilikuwa mimi."

"Najua ulikuwa wewe. Na wakauliza wanafunzi wameambiwa na nani." Akaacha kukata. "Hiyo pia nilijua. Nilikaa nikafikiria, hii kitu inaweza juliwa na mtu mmoja tu. Nikawaambia sijui."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi barabarani, na hilo halikuwamo. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro.

"Ulikuwa unanificha, ama ulikuwa unajificha?"

Hakuwa mtu wa kusema uongo mdogo, hilo nampa.

"Sasa, nilikuwa nimeshasema mbele ya watu wote ni zangu. Ningegeuka niseme nini?"

Nadhani alikuwa akiniambia ukweli, na nadhani hakuona ubaya wowote ndani yake. Mimi ndiye niliyeuona wote kwa mara moja. Alama zilipokuwa za kupigiwa makofi alizichukua, na zilipogeuka aibu akazichukua vilevile, kwa jina lake, na kukaa nazo huku na kahawa yake. Kalamu iliyolegea ilikuwa yangu. Ubaya niliomfanyia ulikuwa wangu, niliupanga mwenyewe, na nilikuwa nauonea fahari. Vyote vimeandikwa kwenye faili kwamba ni vya Daktari. Nilikuwa nimelipiza kisasi ambacho hata chenyewe hakikuwa na jina langu.

"Lakini naweza kukusaidia," akasema. Akaniongoza hadi barazani, akaitisha karatasi, akaandika polepole kwa herufi kubwa zilizopanda na kushuka. Kwamba mwenye barua hii alimsaidia kwa uaminifu, kwa miaka sita, kupanga na kuhesabu karatasi za mitihani, na anafaa kupewa nafasi. Akaweka sahihi yake ileile. Katikati ya mstari wa kwanza aliacha pengo.

"Hapo weka jina yako mwenyewe. Mimi sioni mstari vizuri."

"Daktari, jina langu unalijua?"

Akacheka, akanipiga kofi dogo begani. "Wewe nawe, maswali gani hayo!" Na akaanza kuniuliza kama mvua imenyesha upande wa mjini.

Jumatatu nilimpelekea karani barua. Aliisoma, akashusha pumzi. Akasema inatosha, kamati haitauliza zaidi, niandike jina hapo penye pengo na wiki ijayo nianze kazi. Alifurahi kwa ajili yangu kuliko nilivyofurahi mimi. Nikamwomba karatasi tupu. Nikaiandika nikiwa nimesimama, kwenye kaunta yake, na haikunichukua muda kwa sababu nilikuwa nimeiandika kichwani tangu Subukia. Kwamba alama za miaka sita, zote, nilizitoa mimi. Kwamba alama za kutaja mahali bila maelezo ni kosa langu, na Daktari hakulijua. Kwamba aliyewafundisha wanafunzi ujanja ule ni mimi, kwa makusudi. Kwamba Daktari alipoiambia kamati hakuna mwingine alisema uongo, kama alivyosema uongo siku ya uzinduzi. Kwamba msichana wa Kihoto hakuwa na hatia. Nikaandika jina langu lote, majina matatu, na namba ya kitambulisho.

Karani akaisoma mara mbili. Akatazama mlango, akainama karibu.

"Ukiacha hii hapa, hiyo kazi umeikosa. Hapa na kila mahali."

"Najua."

"Na yeye utakuwa umemmaliza. Mzee ashastaafu, si umwache?"

"Hilo pia najua. Ipokee, mama. Piga muhuri."

Akafungua droo, akatoa muhuri wa idara, akaupiga. Wino ulikuwa mbichi na ulianguka vibaya, ukafunika jina langu la kwanza na nusu ya la pili. Nikaigeuza karatasi upande wangu, nikaliandika jina tena pale chini palipokuwa wazi, kwa herufi kubwa.

"Piga tena," nikamwambia. "Huku pembeni, lisomeke."